Kaboksihemoglobini: damu nyingi isiyobeba hewa

Mtu anayevuta sigara kila siku akipimwa wingi wa damu, mara nyingi majibu hutoka mazuri. Hemoglobini iko juu, upungufu wa damu hana, na pengine atarudi nyumbani akijisifu. Tatizo ni kwamba sehemu ya damu hiyo iliyohesabiwa ipo tu, oksijeni haibebi. Sehemu hiyo ndiyo huitwa kaboksihemoglobini.

Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila molekuli yake ina nafasi nne, kama mtumbwi wa abiria wanne: oksijeni hupanda kwenye mapafu, kisha hushuka kwenye moyo, ubongo na misuli. Sasa tumbaku ikiungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hii hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishapanda, haina haraka ya kushuka, na oksijeni iliyokuja nyuma yake hukosa nafasi.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika. Kaboni monoksaidi ikikalia nafasi moja, oksijeni iliyo kwenye nafasi zilizobaki nayo huanza kung'ang'ania. Inafika kwenye misuli inayoihitaji, lakini haiachiwi kirahisi. Kwa hiyo hasara halisi huzidi ile inayoonekana kwenye asilimia.

Asiyevuta kwa kawaida huwa na kaboksihemoglobini chini ya asilimia 2, kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza gesi hii kidogo unapovunja chembe nyekundu zilizozeeka. Mvutaji wa kila siku huwa juu ya hapo, na anayevuta sana anaweza kufika asilimia 10 au hata kupita. Wanaodhani shisha ni nafuu wajue kwamba mkaa wake hutoa gesi hiyohiyo kwa wingi, na maji yaliyomo hayaichuji. Kwa mjamzito, gesi hupita kwenye kondo la nyuma, na damu ya mtoto aliye tumboni huishika kuliko hata damu ya mama yake.

Kifaa kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni nacho hudanganyika hapa. Hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, hivyo humwonyesha mvutaji asilimia nzuri asizokuwa nazo.

Figo, ambazo ndizo hufuatilia oksijeni inayofika, hazidanganyiki. Zikiona haitoshi hutoa homoni ya erithropoietini, inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Wakati huohuo majimaji ya damu kwa wavutaji wengi hupungua. Chembe zimeongezeka, maji yamepungua: damu inakuwa nzito na moyo unaisukuma kwa taabu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza kipimo cha hemoglobini cha mvutaji kirekebishwe, yaani kipunguzwe kidogo kulingana na idadi ya sigara, kabla ya kuamua kama ana upungufu wa damu au hana. Bila hivyo mtu mwenye upungufu anaweza kuambiwa yuko salama.

Uzito wa damu si lawama ya kaboni monoksaidi peke yake, wala haufanyi madhara peke yake. Moshi una maelfu ya kemikali nyingine. Huzifanya chembe sahani, zile zinazogandisha damu kwenye kidonda, zinate hata pasipo kidonda. Hupandisha faibrinojeni, protini inayofuma nyuzi za bonge la damu. Hukwaruza utando wa ndani wa mishipa. Chembe nyeupe nazo huongezeka kana kwamba mwili unapigana na maambukizi yasiyokwisha. Watu wakitaja sigara hukimbilia mapafu, na kwa maoni yangu damu imesahauliwa mno, kwani bonge moja likiziba mshipa wa moyo au wa ubongo halisubiri uzee. Kwa sababu hiyohiyo wanawake wavutaji waliofikisha miaka 35 hushauriwa wasitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana navyo huongeza hatari ya damu kuganda.

Akiacha, kaboni monoksaidi ndiyo hutangulia kuondoka. Mtu akiwa ametulia na anapumua hewa ya kawaida, nusu yake hutoka kwa saa nne hadi sita hivi, na baada ya siku moja au mbili kiwango huwa sawa na cha asiyevuta. Hutoka kwa pumzi, ndiyo maana baadhi ya kliniki humpulizisha mtu kwenye kifaa ili kujua kama kweli ameacha. Bandiko la nikotini au ubani wake wa kutafuna havileti gesi hii, kwa hiyo anayevitumia kujisaidia damu yake husafika vilevile. Kupunguza idadi ya sigara ni hadithi nyingine: wengi huvuta kila moja kwa kina zaidi bila kujua, na gesi haipungui kwa kiasi walichotarajia.

Unato wa chembe sahani na faibrinojeni huanza kushuka ndani ya wiki chache. Uzito wa damu hukawia kidogo, kwa sababu chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na zile za ziada zilizokwisha kutengenezwa lazima zimalize muda wake. Hapa wengine hushtuka wakiona hemoglobini imeshuka baada ya kuacha. Ikiwa imeshuka hadi kiwango cha kawaida, ni habari njema. Chembe nyeupe huweza kukawia zaidi. Baada ya mwaka mmoja, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara huwa imepungua kwa karibu nusu.

Jambo moja dogo kwa wanywaji kahawa: moshi huliamsha ini livunje kafeini upesi. Moshi ukikoma, kikombe kilekile huacha kafeini nyingi zaidi kwenye damu, na mtu anayetetemeka na kukosa usingizi hudhani ni hamu ya sigara tu. Baadhi ya dawa nazo huvunjwa kwa njia hiyo, hivyo anayemeza dawa kila siku amwambie daktari kwamba ameacha.

Na ikiwa miezi imepita tangu aache, moshi wa wengine haumfikii, na damu bado ni nzito, sigara haitoshi tena kuwa maelezo. Daktari atatafuta chanzo kingine, kama ugonjwa wa mapafu, kukatika pumzi usingizini, au maradhi ya uboho wenyewe kutengeneza chembe nyekundu bila kuamriwa.