Padre Duddleswell na Sheria Zilizomfanya Achekeshe

Kati ya vichekesho vyote vya televisheni ya Uingereza vinavyowahusu watu wa Kanisa, ninachokipenda kuliko vingine ni Bless Me, Father, kilichotengenezwa na kampuni ya London Weekend Television na kuonyeshwa kwenye ITV kati ya Septemba 1978 na Agosti 1981. Ni misimu mitatu tu, yenye jumla ya vipindi 21. Hadithi yake inatokea mwaka 1950 katika parokia ya kubuni ya Mtakatifu Yuda, kwenye kitongoji cha London kiitwacho Fairwater, ambacho nacho ni cha kubuni. Nilikitazama kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, kwa kanda za video za kuazima, na tangu nianze kufundisha uandishi wa michezo ya redio na televisheni nimekuwa nikikirudia kila ninapotaka kuwaeleza wanafunzi jambo ambalo mwanzoni huwa wanalipinga: kwamba kichekesho cha upole hakizaliwi na ulegevu, bali huzaliwa na sheria kali.

Wengi hudhani kwamba mwandishi anayetaka kuchekesha bila kumuumiza mtu hana budi kupunguza makali ya kila kitu, yaani wahusika wawe wazuri tu, makosa yawe madogo, na mwisho wa kipindi wote wapatane. Kazi za namna hiyo hupwaya mapema. Parokia ya Mtakatifu Yuda haipwayi, kwa sababu watu wake wanaishi chini ya sheria ambazo wao wenyewe wanaziamini kwa moyo wote, na hakuna hata mmoja anayeweza kutoka katika tatizo lake kwa kusema tu kwamba jambo hilo si kitu.

Tuanze na nyumba yenyewe. Paroko ni Padre Charles Clement Duddleswell, Mwairishi wa makamo, mbishi, mjanja na mwenye huruma ambayo huificha nyuma ya ukali. Paroko-usu wake, yaani padre msaidizi, ni Padre Neil Boyd, kijana aliyetoka seminari juzijuzi, mwenye kuamini kwamba aliyofundishwa darasani yatamtosha maisha yake yote. Wa tatu ni Bi Pring, mtunza nyumba na mpishi, ambaye hubishana na paroko asubuhi hadi jioni na hakubali kushindwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, ambayo ndiyo iliyotumika wakati huo, paroko-usu alifanya kazi chini ya mamlaka ya paroko wake, wala hakuwa na njia rahisi ya kumkwepa. Bi Pring hana cheo chochote katika sheria hiyo, lakini jiko ni lake. Tukumbuke pia kwamba chai iliendelea kutolewa kwa mgao nchini Uingereza hadi Oktoba 1952, kwa hiyo katika mwaka 1950 mwanamke aliyeshika birika la nyumba hakuwa mtu wa kupuuzwa.

Idadi hiyo ya watu watatu ina maana kubwa kwa fundi wa hadithi. Wahusika wakiwa wawili, ugomvi wao hurudia njia ileile mpaka mtazamaji anachoka. Wakiwa watatu, kila tukio jipya linaweza kubadili nani yuko upande wa nani. Leo kijana na mtunza nyumba wanashirikiana kumficha paroko jambo, kesho paroko na kijana wanamficha Bi Pring, na keshokutwa wakubwa wawili wanaungana kumcheka kijana kwa sababu ya mahubiri yake. Vipindi vingi vya nyumbani vimejengwa hivyo, ila nyumba ya mapadre ina ziada moja: hakuna anayeweza kuhama kwa hasira. Padre huenda anakotumwa na askofu wake, na hubaki huko mpaka atumwe kwingine.

Hata hivyo siri ya kazi hii, kwa maoni yangu, imo katika mwaka uliochaguliwa. Kipindi kilianza kuonyeshwa miaka 13 baada ya kumalizika kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu ulioleta mabadiliko makubwa katika Kanisa, yaani wakati ambapo Mkatoliki wa makamo aliyekaa mbele ya televisheni yake alikuwa akikumbuka Kanisa ambalo watoto wake hawakulijua kabisa. Mwaka 1950 Misa ilisomwa kwa Kilatini na padre akiwa ameelekea altare. Ijumaa nyama ilikuwa marufuku kwa sheria ya Kanisa, na siku nyingine ilipatikana kidogo kwa sheria ya serikali, kwa kuwa mgao wa nyama haukufutwa hadi Julai 1954. Samaki, kwa bahati nzuri ya Wakatoliki, hawakuwahi kuwekwa kwenye mgao. Mkatoliki aliyetaka kuoa asiyekuwa Mkatoliki alihitaji ruhusa, ahadi kuhusu malezi ya watoto, na uvumilivu wa kufungishwa ndoa isiyo na shamrashamra. Mwaka huohuo ulikuwa Mwaka Mtakatifu, ulikuwa pia mwaka wa 100 tangu Papa Pius IX arudishe majimbo ya Kikatoliki katika Uingereza na Wales, na tarehe 1 Novemba Papa Pius XII alitangaza rasmi fundisho la kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria. Kanisa hilo lilikuwa na uhakika wa kila kitu, katikati ya nchi ambayo wengi wake hawakuwa Wakatoliki.

Ili mwanafunzi aone jinsi sheria inavyozaa kichekesho, huwa ninampa zoezi ambalo halimo katika kipindi chochote kati ya hivyo 21. Padre kijana ameamka gizani, akiwa bado na usingizi, akanywa funda moja la chai kabla ya kukumbuka kwamba Misa ya saa moja asubuhi ni zamu yake. Mpaka Januari 1953, anayetaka kupokea komunyo alipaswa kufunga tangu saa sita usiku, na hata maji yalivunja mfungo. Watu wameshajaa kanisani. Paroko yuko kwa mgonjwa. Mtu pekee aliyeona kikombe ni mpishi. Tayari hapo kuna nusu saa ya hadithi, na hatukumhitaji mtu mwovu hata mmoja. Kisha ninamwambia aiandike hadithi ileile kwa sheria ya leo, ambayo tangu mwaka 1964 inadai mfungo wa saa moja tu kabla ya komunyo na haihesabu maji kuwa kosa. Hadithi inamfia mikononi kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza.

Sheria iliyo tajiri kuliko zote kwa mwandishi ni siri ya kitubio, na si ajabu kwamba kichekesho chenyewe kimepewa jina kutokana na maneno ambayo mwenye kutubu humwanzia padre, akiomba baraka. Padre aliyesikia jambo kitubioni haruhusiwi kulitoa kwa neno, kwa ishara wala kwa kulitumia kwa namna yoyote itakayomsaliti aliyetubu. Katika mchezo wa kuigiza, hiyo ina maana kwamba tunaye mtu anayejua, aliyekaa meza moja na mtu asiyejua, naye hawezi hata kukunja uso. Mtazamaji anajua pia, na kwa kuwa anajua, ukimya wa padre humchekesha kuliko maneno. Sijui kazi nyingine ya binadamu inayompa mwigizaji zawadi kama hiyo.

Aliyeandika yote haya aliyafahamu kwa ndani. Peter de Rosa alikuwa padre, alifundisha waseminari, kisha akaacha upadre mwaka 1970 na baadaye akafanya kazi BBC. Vitabu vilivyozaa kipindi hiki alivitoa kwa jina la kuazima la Neil Boyd, yaani alijipa jina la padre kijana wa hadithi yake mwenyewe. Wako wanaodhani kwamba ladha yake tamu ni ya mtu asiyekuwa na ugomvi na Kanisa, lakini de Rosa huyuhuyu alichapisha mwaka 1988 kitabu cha historia ya mapapa ambacho hakikuwaonea haya hata kidogo. Uchungu alikuwa nao. Aliamua tu kwamba nyumba ya paroko wa Fairwater haikuwa mahali pake. Uamuzi huo naona ulikuwa wa kisanii kuliko wa kidini, na ninauheshimu.

Mzigo wa kuibeba hadithi alipewa Arthur Lowe. Waingereza walikuwa wamemzoea tangu 1968 hadi 1977 kama Kapteni Mainwaring wa Dad's Army, kichekesho cha televisheni kuhusu walinzi wa kujitolea wakati wa vita, meneja wa benki mwenye kujiona mkubwa ambaye kila mara dunia humwaibisha. Ingekuwa rahisi kumvalisha Mainwaring kanzu na kumwita padre, lakini Lowe hakufanya hivyo. Mainwaring anaamini ana akili kuliko aliyonayo. Duddleswell ana akili kuliko anavyoonyesha, na huitumia akili hiyo kuzunguka sheria bila kuivunja, kwa kawaida kwa faida ya mtu mwingine na mara mojamoja kwa faida yake mwenyewe. Mtazame mikono yake anaposikia habari mbaya. Haitikisiki. Anasubiri, anameza neno la kwanza lililomjia, kisha anatoa la pili ambalo ni jepesi zaidi na lina sumu zaidi, na hadhira ya studio inacheka wakati wa kusubiri badala ya kungoja neno. Daniel Abineri, aliyeigiza Padre Neil, alipata kazi isiyopigiwa makofi, ya kuwa uso ambao mshangao wa mtazamaji unapita juu yake, na Gabrielle Daye, kama Bi Pring, aliicheza ile mikwaruzano ya jikoni kana kwamba ni ndoa ya miaka mingi isiyo na ndoa.

Lafudhi ya Kiairishi ya Lowe, mtu aliyezaliwa Hayfield, Derbyshire, haikuwa kamilifu, na huenda Mwairishi akakunja pua. Mimi sikuwahi kuona shida. Msomaji aliyelelewa katika parokia za Kitui au Turkana, ambako mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland walihudumu kwa miaka mingi, atamtambua paroko wa aina hii hata kabla hajafungua kinywa.

Kipindi cha kwanza kilionyeshwa Jumapili, tarehe 24 Septemba 1978. Siku nne baadaye Papa Yohane Paulo I, aliyependwa kwa tabasamu lake, alifariki baada ya siku 33 tu za uongozi, na tarehe 16 Oktoba akachaguliwa Yohane Paulo II. Kwa hiyo wiki za mwanzo za kichekesho hiki zilikuwa wiki ambazo Wakatoliki wote walikuwa wakitazama Roma, na katikati ya mambo hayo makubwa wakarudishwa kwenye parokia ambayo wasiwasi wake mkubwa ni jirani.

Jirani mwenyewe anastahili neno. Ni Billy Buzzle, mpokea dau za farasi. Mtazamaji wa leo huona utani mwepesi tu wa mcheza kamari kukaa ukuta mmoja na padre, lakini mwaka 1950 kupokea dau za fedha taslimu nje ya viwanja vya mbio kulikatazwa na sheria ya Uingereza, na maduka ya dau hayakufunguliwa kihalali hadi Mei 1961. Buzzle ni mtu wa pembezoni mwa sheria ya nchi, kama vile Duddleswell anavyopenda kutembea pembezoni mwa sheria ya Kanisa, na ndiyo sababu wanaelewana vizuri kuliko wanavyokiri. Kuhusu Mama Stephen, mkuu wa masista, nitasema tu kwamba ndiye binadamu pekee anayemtisha paroko kuliko askofu.

Kuna mambo ambayo kipindi hiki hakiyagusi, na mtazamaji wa sasa hawezi kukitazama bila kuyafikiria. Tumesikia mengi tangu miaka ya 1990 kuhusu mapadre waliolindwa na ukimya walipowadhuru watoto, na ukimya uleule unaochekesha Fairwater unaweza kumchoma mtu mwingine. Ireland yenyewe ilitikisika mwaka 1992 Askofu Eamonn Casey alipojiuzulu baada ya kujulikana kwamba alikuwa na mtoto. Miaka mitatu baadaye kikatokea kichekesho cha televisheni cha Father Ted, chenye mapadre watatu na mtunza nyumba katika kisiwa cha mbali walikotupwa kwa sababu ya makosa yao. Ukiwatazama kwa juu, watu ni walewale: mzee, kijana, mwanamke mwenye birika. Kilichoondoka ni imani katika sheria. Hakuna anayeogopa kuvunja chochote, kwa hiyo waandishi walilazimika kutafuta kicheko katika upuuzi mtupu, na walikipata kwa wingi. Nakicheka pia, ila simhurumii mtu yeyote ndani yake.

Wanafunzi wangu wa Tanzania huniuliza kama parokia ya Kiswahili inaweza kuandikwa kwa mtindo wa Fairwater wakati mfungo umekuwa wa saa moja na Misa inaeleweka na kila mtu. Huwa nawaelekeza kwenye jumuiya ndogondogo, ambako barua ya jumuiya hudaiwa kabla ya ubatizo, ndoa na hata mazishi. Mmoja wao ameanza kuandika kuhusu katibu wa jumuiya anayegoma kusaini barua ya ndoa ya mpwa wake kwa sababu ya deni la michango. Katika rasimu ya kwanza katibu alikuwa mtu mbaya, mwenye wivu na tamaa. Nimemrudishia na kumwomba aandike upya, safari hii katibu awe sahihi kabisa na ampende mpwa wake.