Kutembea katika Misitu ya Misonobari ya Texas Mashariki: Maswali na Majibu kuhusu Joto, Kupe na Nyoka

Msitu wa Taifa wa Sam Houston uko takriban kilomita 80 kaskazini mwa jiji la Houston, na ndani yake mna njia ya miguu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, inayopita chini ya misonobari mirefu na kandokando ya vijito. Wakati wa baridi ni matembezi ya raha. Maswali haya yanahusu miezi ya Mei hadi Septemba, ambapo msitu huo huo hubadilika na kuwa kama chumba cha mvuke.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na joto nimelizoea tangu utotoni. Kwa nini niogope la Texas?

Kwa sababu mazoea ya joto hayarithiwi wala hayadumu. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 za kufanya kazi kwenye joto ili ujifunze kutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na mafunzo hayo huanza kupotea baada ya wiki moja tu ya kukaa mahali pa baridi. Mtu anayelala, kufanya kazi na kusafiri ndani ya kiyoyozi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa huingia msituni Jumamosi akiwa mgeni wa joto, hata kama alizaliwa ufukweni. Aanze kwa kutembea muda wa saa moja tu alfajiri, aongeze muda kidogo kidogo katika wiki zinazofuata.

Lakini msituni kuna kivuli, na jasho linanitoka vizuri. Je, hiyo si kinga?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Jasho halimpozi mtu kwa kutiririka. Humpoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580, lakini ikidondoka chini au ikibaki kwenye shati haimsaidii mwenyewe karibu chochote, ilhali maji na chumvi vimeshapotea. Misonobari iliyosongamana na vichaka vilivyo chini yake huzuia upepo, udongo uliolowa huzidisha unyevu hewani, na hivyo kivuli humwondolea mtembeaji ukali wa jua bila kumrudishia uwezo wa kupoa. Shati lililolowa chapachapa ni ishara ya kupunguza mwendo.

Ninywe maji kiasi gani?

Kikombe kimoja cha mililita 240 kila baada ya dakika 15 hadi 20 kinafaa kwa watu wengi wanaotembea kwenye joto kali. Usizidishe takriban lita 1.4 kwa saa, kwa kuwa maji mengi bila chumvi hupunguza sodiamu katika damu na yanaweza kuua. Kwa matembezi ya saa nyingi, beba vyakula vyenye chumvi au pakiti za ORS.

Nitajuaje kwamba mwenzangu amezidiwa?

Anayeanza kuzidiwa huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na hulegea huku akitokwa na jasho jingi. Akipumzika kivulini, akivua nguo nzito na kunywa taratibu, kwa kawaida hupata nafuu. Kiharusi cha joto ni jambo jingine. Joto la mwili hufikia nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi, na dalili kuu huonekana katika akili: anapayuka, hajui alipo, anayumba, anapata degedege au anazimia. Usisubiri ngozi yake ikauke, kwani wengi hufikwa na hali hii wakiwa bado wamelowa jasho. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, na wakati huohuo mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na umwekee barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena ikiwa ipo. Usimnyweshe kitu aliyechanganyikiwa. Paracetamoli haishushi joto la namna hii.

Kupe wa huko wana madhara gani?

Aliyeenea zaidi ni yule ambaye jike lake lina doa moja jeupe mgongoni. Anaweza kuambukiza elikiosisi, ugonjwa wa homa, maumivu ya kichwa na misuli unaoanza wiki moja au mbili baada ya kuumwa, na ambao hutibiwa kwa doksisaiklini. Anaweza pia kumsababishia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Mzio huu ni vigumu kuubaini, kwa sababu vipele, kuharisha au kubanwa pumzi hutokea saa 2 hadi 6 baada ya mlo. Mtu aliyekula nyama choma jioni huamka usiku wa manane akilaumu pilipili.

Vaa suruali ndefu uliyoichomeka kwenye soksi, na nyunyizia nguo, si ngozi, permethrini ya asilimia 0.5, ambayo ni ya jamii moja na dawa zinazowekwa kwenye vyandarua. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome moto wala usimpake mafuta.

Kuna mmea wa majani matatu matatu. Je, ni upupu?

Hapana. Upupu huwasha papo hapo kwa vinyweleo vyake, ilhali mmea huu una mafuta yanayoleta mzio na malengelenge baada ya siku moja au mbili. Osha ngozi kwa sabuni mapema iwezekanavyo, pamoja na viatu na nguo. Usiuchome kamwe, kwa kuwa moshi wake hudhuru mapafu.

Nikiumwa na nyoka?

Piga 911, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, utulize kiungo kilichoumwa. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye sumu, usiweke barafu. Hakuna haja ya kumuua nyoka na kumpeleka hospitali. Picha iliyopigwa kwa mbali inatosha, na nyoka aliyekatwa kichwa bado anaweza kuuma.