Metali Haizami kwa Uzito Wake

Kila nikimkabidhi mteja ripoti ya vipimo vya maji, jibu ni lile lile: "Si ni metali nzito hizi? Zitazama zenyewe, tuzipe muda tu." Nimelisikia kwa wahandisi, kwa wafugaji wa samaki, hata kwa wanafunzi wa kemia ambao wangepaswa kujua. Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Dhana: metali nzito huzama kwa sababu ni nzito

Hapana. Metali ya risasi iliyoyeyuka majini si kipande cha risasi. Ni ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, moja moja, zilizozungukwa na molekuli za maji, zinazosukumwa huku na huku bila kutulia. Ziache kwenye chupa mwaka mzima, hazitajikusanya chini. Zikipungua majini, ujue zimenata kwenye kuta za chupa.

Kama uzito ungekuwa na kauli, urani ingetangulia kutoweka baharini, maana atomu yake ina uzito wa karibu mara 9 ya atomu ya alumini. Kumbe urani hukaa baharini kwa wastani wa miaka kama 400,000, wakati alumini haifikishi hata miaka 1,000. Au chukua thoriamu-234, inayozaliwa urani-238 inapovunjika kwa mionzi. Uzito wake unakaribiana kabisa na wa mama yake, lakini kwenye maji ya juu yenye planktoni tele (viumbe vidogo vinavyoelea) thoriamu hunaswa na chembe ndani ya siku au wiki kadhaa, urani inabaki pale pale. Urani imefungamana na kaboneti, na kaboneti huishikilia ndani ya maji. Thoriamu haina mlinzi wa namna hiyo, hivyo hunata kwenye chembe yoyote inayokutana nayo.

Mambo yote yako kwenye uso wa hiyo chembe. Iwe ni udongo wa mfinyanzi, oksidi ya chuma au ya manganizi, au ukuta wa seli ya mwani, usoni kuna oksijeni zilizoshika haidrojeni. Ioni ya metali inapofika, haidrojeni huachia na metali huchukua nafasi yake. Ndiyo maana pH, kipimo cha asidi ya maji (ikiwa chini, asidi ni nyingi), ndiyo mwamuzi. Maji yakiwa na asidi nyingi, haidrojeni zimejaa kila nafasi na metali hukosa pa kushika. pH ikipanda vizio viwili hivi, kiasi kinachonaswa kinaweza kutoka karibu sifuri hadi karibu chote. Risasi huanza kunaswa mapema, pH ingali chini, ilhali kadmiamu husubiri ipande zaidi. Anayeniletea kiwango cha metali bila pH ameniletea nusu ya habari, nami sina njia ya kubuni nusu nyingine.

Dhana nyingine ninazokutana nazo

"Chembe kubwa ndizo zinazosafisha maji." Kunasa ni kazi moja, kushusha ni nyingine. Zinazonasa ni zile ndogo, kwa kuwa kwa uzito ule ule zina uso mpana zaidi. Lakini chembe ya udongo yenye upana wa mikromita 1 ingehitaji zaidi ya miaka 100 kufika kina cha mita 4,000 peke yake. Hufika mapema kwa kugandana na mabaki ya viumbe, au kwa kumezwa na zooplanktoni (planktoni za wanyama) na kutoka kama kinyesi kinachoshuka makumi hadi mamia ya mita kwa siku. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, mtego wa mashapo, chombo cha kukinga chembe zinazoshuka, uliotegwa mita 200 chini ya uso wa Mediterania ulinasa seriamu yenye mionzi ndani ya siku chache tu, imo ndani ya vinyesi hivyo. Sesiamu, isiyonata vizuri kwenye maji ya chumvi, sehemu yake kubwa ilibaki majini. Ajali moja, siku zile zile, na uzito wa atomu zao hautofautiani sana.

"Metali hutoka maji yakishashiba," yaani yasipoweza kuyeyusha zaidi. Mwanajiokemia Konrad Krauskopf alilichunguza hili mwaka 1956 na kukuta metali nyingi baharini ziko chini mno ya kiwango cha kushiba. Zinaondolewa na chembe na viumbe.

"Ikishafika kwenye tope, imekwisha." Imekwisha mpaka oksijeni iishe. Hapo oksidi za manganizi huyeyuka, kisha za chuma, na vilivyonata juu yake huachiwa. Kuna maziwa yanayozungusha manganizi ile ile juu na chini kila msimu. Pima oksijeni ya chini kabla hujatangaza kwamba ziwa limejisafisha.

"Kilichopita kwenye chujio kimeyeyuka." Tundu la mikromita 0.45 ni makubaliano ya maabara tu, maumbile hayalijui. Koloidi za chuma, chembe ndogo mno zisizozama zenyewe, hupenya bila shida. Zikikutana na chumvi kwenye mlango wa mto ndipo hugandana na kuzama, na chuma kingi cha mito huishia hapo bila kuiona bahari kuu.

Na tafadhali, chujeni sampuli pale pale majini, ndipo mtie asidi. Ukitangulia kutia asidi, unazing'oa metali kwenye chembe, kisha maabara inakuandikia kwamba zilikuwa zimeyeyuka. Sampuli ya namna hiyo siku hizi naikataa mlangoni.