Noble Sissle, mtu wa maneno aliyeishia kuongoza bendi

Kila tukiwapigia wageni wetu santuri za zamani za Marekani maswali ni yaleyale, piano kapiga nani, saksafoni kapuliza nani, ila anayeuliza maneno katunga nani ni wa kutafuta kwa tochi. Basi leo tumuongelee Noble Sissle.

Kazaliwa Indianapolis 1889, baba yake mchungaji. Mwaka 1915 akakutana Baltimore na mpiga piano Eubie Blake, wakagawana kazi hapohapo, Blake muziki, Sissle maneno na kuimba. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, Sissle akaenda Ufaransa na kikosi cha 369 cha askari weusi wa New York, kwenye bendi ya James Reese Europe, na mimi nadhani uongozi wa bendi alijifunzia pale. Huyo Europe aliuawa Boston 1919, na aliyemuua ni mpiga ngoma wake mwenyewe.

1921 sasa Sissle na Blake pamoja na wachekeshaji Miller na Lyles wakapeleka New York mchezo wa nyimbo, Shuffle Along, ukaonyeshwa karibu mara 500. Humo kulikuwa na wimbo wa mapenzi wa kweli kati ya mwanamume na mwanamke weusi, siyo wa kuchekesha, na enzi hizo iliaminika wazungu hawatavumilia, watazomea au watarusha vitu. Sissle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wimbo ule ulipofika yeye na Miller na Lyles walikuwa wamesimama mlangoni mguu mmoja nje tayari kukimbilia Harlem, mtaa wa weusi New York, wakimhurumia Blake aliyekwama mbele kwenye piano. Watu wakashangilia na kutaka urudiwe!

Kwenye mchezo huohuo kuna wimbo I'm Just Wild About Harry, yaani nampenda Harry hadi wazimu. Blake aliutunga kwa mwendo wa walsi, dansi ya hesabu ya tatu, mwimbaji Lottie Gee akagoma, akataka kitu cha kuchangamka, wakaubadilisha na ukawa ndio uliovuma kuliko zote.

Miaka ya 30 swingi, jazi ya bendi kubwa ya kuchezea dansi, ikashika kasi na Sissle akawa na okestra yake, ameshapiga Paris, amerudi nyumbani. Niseme ukweli, bendi ile haikuwa moto kama ya Duke Ellington, ilikuwa na adabu mno kwa masikio yangu, ila jicho la kuona vipaji alikuwa nalo, mpuliza saksafoni na klarineti Sidney Bechet alipiga humo miaka kadhaa, mwimbaji Lena Horne akaingia 1935 akiwa na miaka 18, hata Charlie Parker wa saksafoni alipita kidogo 1942. Mwaka 1937 akawa rais wa kwanza wa Negro Actors Guild, chama cha kuwasaidia wasanii weusi, na kuanzia 1938 bendi ikapata kazi ya kudumu Diamond Horseshoe, klabu ya Billy Rose pale New York, wakakaa miaka zaidi ya kumi.

Halafu 1948 Harry Truman anagombea urais, anahitaji wimbo wa kampeni, na jina lake la Harry lilikuwa limeshakaa kwenye maneno ya Sissle, kwenye wimbo uleule, tangu miaka 27 nyuma.