Je, wajua kwa nini kishikio kizuri cha bodi ni kifupi na kizito?

Kulehemu bodi ya saketi ni kazi ya mikono mitatu, na fundi kajaliwa miwili. Wa kulia umeshika pasi ya kulehemia, wa kushoto unasogeza waya wa lehemu, na bodi imeachwa ijitegemee mezani, ikiyumba juu ya migongo ya kapasita na resista zake. Ndiyo sababu wengi wanaoanza hujipatia kile kidude kiitwacho "mkono wa tatu": kitako kidogo, fimbo iliyokingama, na klipu mbili za meno ya mamba kwenye ncha zake. Kwa kushika nyaya mbili zinazounganishwa, kinafaa. Kwa bodi, huchosha upesi.

Ili kuona kinachokosekana, tuanze na lehemu yenyewe.

Lehemu ya bati na risasi ya 63/37, yaani sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi, huganda kwa mpigo mmoja, katika nyuzi 183 za Selsiasi. Ile ya 60/40 inaonekana kuwa pacha wake, lakini tabia ni tofauti: huanza kuganda nyuzi chache juu ya hapo na kumalizia kwenye 183, na katikati haiwi maji wala chuma, ila tope lenye chembechembe. Lehemu isiyo na risasi ya bati, fedha na shaba, ijulikanayo kama SAC305, nayo hupitia hali hiyo kati ya nyuzi 220 na 217 hivi. Tope hilo hudumu kitambo kifupi tu. Bodi ikitikisika wakati huo, chembe zilizoanza kushikana huachanishwa, na kiungo hutoka kimefifia, kina mikunjo usoni, pengine na nyufa ndani ambazo jicho halizioni.

Ubaya wake ni kwamba kiungo cha namna hiyo kinaweza kupitisha umeme vizuri siku ya kwanza. Baadaye kifaa huanza kuwaka na kuzima chenyewe. Ukikifungua ukaigusa bodi kwa ncha za mita ya kupimia umeme, mgandamizo wa mkono wako unaziba ufa na kila kitu kinapima sawa. Nimewahi kumaliza jioni nzima nikiwinda hitilafu iliyokuwa ikipona kila nilipoikaribia.

Kwa hiyo usikichague kishikio kwa nguvu ya kubana. Kazi yake ni kutulia tuli hadi lehemu iishe kuganda, na hapo ndipo urefu na uzito vinapoingia. Ncha ya pasi haisukumi kwa nguvu kubwa, lakini uwezo wa kupindua ni nguvu hiyo ikizidishwa na kimo. Bodi iliyoinuliwa sentimita 15 juu ya meza hupata mara tano ya kile kinachoipata bodi iliyo sentimita 3. Kinachokinza ni uzito wa kitako na upana wake. Kitako chepesi kama kifuniko cha chupa, juu yake fimbo ndefu yenye vifundo vinne, ni mwaliko wa kuangusha kila kitu. Tena kila kifundo kina mchezo wake mdogo, na michezo hiyo hujumlishana mpaka kwenye klipu.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ingawa matangazo ya vifaa hivi huipita: mkono wako. Bodi ikiwa juu, kiganja kinaelea hewani na mtetemo wote wa bega unafika kwenye ncha. Bodi ikiwa chini, unalaza ubavu wa kiganja mezani, na hapo mkono na bodi vimeegemea kitu kimoja. Hata meza ikitikiswa, vinacheza pamoja. Kwa vijenzi vidogo vinavyolehemiwa juu ya uso wa bodi, hili ndilo linaloamua kama kazi itafanyika au la.

Ndiyo maana kwa kazi hiyo mimi hupendelea jiliwa la chini kabisa: reli au fimbo moja, taya mbili zinazoteleza juu yake, moja ikisukumwa na springi. Stickvise ni mfano wake. Unakaza skrubu mara moja kulingana na upana wa bodi, kisha unabadilisha bodi kwa kuvuta taya tu.

Bodi zenye vijenzi ambavyo miguu yake hupita kwenye matundu zina dai lake. Unaingiza vijenzi upande mmoja na kulehemu upande wa pili, hivyo unataka fremu inayozunguka, kama zile za PanaVise, yenye mikono miwili mirefu juu ya kitako kizito cha chuma au kilichokazwa kwa skrubu mezani. Hapa urefu hauepukiki, kwa hiyo kitako ndicho cha kukikagua kwanza, halafu kifungo kinachozuia fremu isijizungushe. Na usisahau kuvizuia vijenzi kwa sponji au utepe wa karatasi kabla ya kupindua, la sivyo utaviokota sakafuni.

Taya sasa. Bodi nyingi ni za unene wa milimita 1.6, na taya nzuri ina mfereji wa umbo la V ambamo ukingo wake unatua bila kuteleza. Taya bapa hushika leo na kutema bodi kesho. Kuhusu malighafi, kumbuka ncha ya pasi kwa kawaida huwa kwenye nyuzi 320 hadi 370. Plastiki ya PLA, inayotumika sana kuchapishia vitu vya pande tatu, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi. ABS, plastiki nyingine ya kuchapishia, kwenye 105. Zitafanya kazi, ila kila ncha inapoponyoka zitapata kovu. Silikoni na PTFE (plastiki iitwayo pia Teflon) hustahimili zaidi. Alumini haiungui, lakini hunyonya joto: kiungo kilicho karibu na ukingo, hasa chenye shaba pana ya bodi nyuma yake, kitakataa kuyeyuka na utajikuta unalaumu pasi. Pia ukiiwasha bodi ikiwa bado imebanwa, taya tupu za chuma zinaweza kuunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana.

Kuna kosa moja la kubana ambalo halionekani hata kidogo. Ukikaza skrubu kupita kiasi, bodi inapinda kama upinde. Shaba na nyuzi za kioo zilizo ndani ya bodi huvumilia, lakini kapasita za kauri hazivumilii. Hizo ni matabaka membamba yaliyookwa pamoja, na bodi ikipinda chini yake hupasuka kwa ndani, kisha baadaye zinaweza kupiga shoti. Inue bodi iliyobanwa usawa wa jicho na utazame ukingo wake dhidi ya mwanga. Ukiona umekunjika hata kidogo, legeza. Springi ya wastani ni salama kuliko skrubu kwenye mkono wa mtu mwenye haraka.

Ukipata nafasi ya kukijaribu kishikio kabla ya kukichukua, bana kipande cha bodi kisha kandamiza kona iliyo mbali na taya kwa ncha ya penseli. Halafu ivute juu, maana kung'oa kijenzi kibovu ni kuvuta, na taya nyingi zimebuniwa zikifikiria kusukumwa tu.

Na kama hakuna cha kununua, tafuta kipande kizito cha mbao ngumu, ukichimbie kwa msumeno mfereji wa unene wa bodi, ulaze mezani. Kwa bodi ndogo huutuliza ukingo mmoja, na kipande cha pili kama hicho, kikisogezwa upande wa pili, humaliza kazi. Mbao haipitishi umeme na hainyonyi joto kama alumini. Ncha ikiponyoka, inaacha doa jeusi tu.