Okestra kubwa sio spika kubwa

Nikitaja tu kwamba simfoni yangu mpya ni ya okestra kubwa, honi sita, tarumbeta tatu, tromboni tatu na tuba, harpa mbili, nyuzi za kujaza jukwaa, mtu lazima aniambie "eh, hapo masikio yatakoma!" Safari hii kaniambia mwalimu wa kwaya, mtu anayejua muziki kabisa, ndo maana nimeamua niandike.

Jamani, watu tisini hawaletwi kwa ajili ya kelele. Una violini nane, ukiongeza nyingine nane unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na sikio linataka kama desibeli 10 ndo likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, yaani zile nane uzifikishe themanini. Nani atalipa? Ningetaka kelele ningeongeza tromboni moja nikalale.

Violini naziongeza kwa sababu zikiwa kumi na sita kwenye noti moja hasikiki mtu, huyu yuko juu unywele, yule chini unywele, vibrato, ule mtetemo wa noti, hazilingani, na huo uchafu mdogo mdogo ndo unaoleta ule ulaini ambao kila mtu anaupenda bila kujua unatoka wapi. Violini mbili ndo hatari, utasikia wanavyogombana. We mwalimu hili unalijua, soprano wawili ni balaa, kumi na wawili ni sauti moja.

Halafu kuna kugawanya. Utangulizi wa opera ya Lohengrin, Wagner kaweka violini nne za solo na zilizobaki kazigawa makundi manne, zote juu kabisa, polepole, taratibu. Sasa jaribu hiyo na violini sita tuone. Sehemu yangu ya pili inaanza na chelo zimegawanywa nne, honi moja juu yake, jukwaa zima lililobaki limekaa tu. Tarumbeta zinasubiri mpaka karibu na mwisho. Wapigaji wake watanichukia, najua, lakini Dvořák mwaka 1893 kwenye simfoni yake ya tisa tuba kaipa kazi kwenye Largo tu, ile sehemu ya pili ya polepole, na matoazi yanagongwa mara moja simfoni nzima, tena sio kwa nguvu! Mtu kapiga pasi suti kaja kwa pigo moja. Mwaka huohuo Tchaikovsky, simfoni ya sita, anamwandikia besuni p sita, na p moja tu tayari ni kupiga kwa sauti ndogo. Sita! Kule chini besuni haishuki hivyo, ndo maana waongozaji wengi pale wanampa klarineti besi, kisha papo hapo okestra nzima inalipuka na watu wanaruka kwenye viti. Wanarushwa na zile p, sio na tromboni.

Swali la mbona naandika mtindo wa karne ya 19 leo sina muda nalo, napenda melodi ndefu, basi.

Kinachoninyima usingizi ni urari, yaani ala moja isiimeze nyingine. Mtunzi Rimsky-Korsakov alifundisha kwamba kwenye fote, yaani kupiga kwa nguvu, honi mbili ndo sawa na tarumbeta moja. Mi hiyo hesabu naitumia ila siiamini sana, honi za leo sio zile za enzi zake, ukumbi nao unabadilisha kila kitu, na mpigaji mwenyewe kama kashiba au ana njaa sijui utamweka wapi kwenye fomula. Na kileleni mwa sehemu ya nne, ala zote za shaba (honi, tarumbeta, tromboni, tuba) zikiwa fff, nguvu zote, fluti na obo nina wasiwasi zinapiga ili zionekane tu. Nimezipandisha oktava. Kwenye kompyuta zinasikika safi, lakini kompyuta ni mwongo, ukisogeza kitufe cha sauti kidogo fluti moja inashinda tromboni tatu. Mazoezini ndo tutajua, na kama zimemezwa nazifuta pale, wapumzike midomo kabla ya koda, kile kipande cha kufungia.