Kuingia si kukubaliana: kuoanisha vipuri vya kompyuta ya gemu

Kipuri kisichoingia hakinitii wasiwasi, maana kosa lake linajitangaza mapema. Prosesa ya AM5 haikai kwenye soketi (kiti cha prosesa) ya AM4. RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kizazi cha DDR4 na ya DDR5 zote zina pini 288, lakini lile pengo dogo la katikati limekatwa mahali tofauti, kwa hiyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Unarudisha ulikonunua, basi. Kinachonitia wasiwasi ni kipuri kinachoingia vizuri, taa zikawaka, feni zikazunguka, kisha skrini ikabaki nyeusi; au picha ikaja, lakini mashine ikawa inafanya kazi chini kabisa ya ulicholipia. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Prosesa na mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipuri vyote, huchaguliwa pamoja. Soketi ya AM5 ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, inapokea DDR5 tu. LGA1700 ya Intel inabeba prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, na mazabodi zake ziko za DDR4 na za DDR5. Mara nyingi jina ni lile lile, tofauti ni alama ya D4 au DDR4 mwishoni, kwa hiyo soma jina lote hadi herufi ya mwisho. Na kama prosesa ya Intel ina herufi F, haina grafiki ya ndani: bila kadi ya grafiki huoni kitu.

Soketi kulingana hakutoshi, kwa sababu BIOS, programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, ni lazima iitambue prosesa. Mazabodi ya AM5 ya aina ya B650 iliyotoka kiwandani kabla ya prosesa za AMD za Ryzen 9000 itaipokea prosesa hiyo kwenye soketi, kisha haitawaka mpaka BIOS isasishwe. Fungua ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi, nenda kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika, na usiishie kwenye jina la prosesa: soma toleo la BIOS lililoandikwa kando yake. Ukiweza, chagua mazabodi yenye kitufe cha Flashback mgongoni. Unaweka faili la BIOS kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, unalibadilisha jina liwe lile ambalo mwongozo umelitaja, unachomeka umeme, unabonyeza kitufe, na BIOS inasasishwa hata soketi ikiwa tupu. Kitufe hicho kinakuepusha na kuazima prosesa ya zamani ili tu uiwashe ile mpya.

RAM nunua vijiti viwili katika paketi moja. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, kwa kawaida viwili hivyo vinakaa nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zilizoandikwa A2 na B2. Ukiviweka 1 na 2, njia moja ya data inalala, na gemu zinazotegemea sana prosesa zinapoteza fremu bila ujumbe wowote wa kosa. Usijaze nafasi zote nne ukidhani wingi ni kasi: kwa Ryzen 7000, AMD inathibitisha kasi ya MT/s 5200 (mamilioni ya uhamisho wa data kwa sekunde) kwa vijiti viwili, lakini 3600 tu kwa vinne. Kijiti kilichoandikwa 6000 nacho hakifiki huko chenyewe. Kinaanza na kasi ya msingi, mara nyingi 4800, mpaka uingie BIOS na kuwasha EXPO au XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya kijiti. Jambo moja la kukutuliza moyo: AM5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa gizani dakika kadhaa ikiipima RAM. Usiizime.

Kadi ya grafiki ina mtego wake. RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe 4.0 (PCIe ndiyo njia ya data kati ya kadi na mazabodi), ingawa inakaa kwenye nafasi ndefu. Ukiiweka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 itafanya kazi, ila upana wa njia unakatika nusu, na kwa kuwa ina GB 4 tu za kumbukumbu, inalazimika kuitumia njia hiyo mara kwa mara. Gemu inaanza kukwamakwama.

Umeme uhesabu kwa matumizi halisi. Prosesa ya Core i7-14700K imeandikwa wati 125, lakini inaruhusiwa kufika 253. Ongeza kadi ya RTX 5070 yenye wati 250, na kama 100 za feni, diski na mazabodi: jumla ni kama 600. Chukua pawa saplai ya wati 750. Alama ya 80 Plus inaeleza ni umeme kiasi gani unapotea njiani, haithibitishi ubora wa vifaa vilivyomo ndani. Nafasi ya PCIe inatoa wati 75 na kila plagi ya pini 8 ya kadi inatoa 150. Kadi kubwa ikitaka plagi mbili, ipe kebo mbili zinazojitegemea, si kebo moja yenye vichwa viwili.

Hapa naomba usikie vizuri: kebo za pawa saplai moja usizitumie kwenye nyingine, hata kama zinaingia. Upande wa kipuri umesanifishwa, upande wa pawa saplai haujasanifishwa. Pini ambayo kwa mtengenezaji huyu ni volti 5, kwa yule inaweza kuwa volti 12. Diski inaungua sekunde ileile, pamoja na mafaili yako.

Kasha lipime kwa milimita. Likisema linapokea kadi ya mm 360 na ukaweka rejeta ya kipoza cha maji mbele, toa unene wa rejeta, mm 27, na wa feni, mm 25: zimebaki 308. Kipoza joto kama Noctua NH-D15 kina kimo cha mm 165, na hakitoshi ndani ya makasha mengi membamba. Kipoza cha zamani cha soketi ya LGA1200 hakikai sawasawa kwenye LGA1700 bila vishikizo vipya, kwa kuwa umbali kati ya matundu umetoka mm 75 hadi 78. Taa za mapambo za volti 5 zenye pini tatu zisichomekwe penye volti 12.

Kabla ya kufunga chochote kwenye kasha, weka mazabodi juu ya boksi lake, na uiwashe ikiwa na prosesa, kipoza, kijiti kimoja cha RAM na, kama prosesa haina grafiki, kadi. Ikiwaka hapo na ikagoma ndani ya kasha, tafuta kwanza nguzo ya skrubu iliyobaki mahali ambapo mazabodi yako haina tundu: inagusa saketi kwa nyuma na kuleta shoti.